Nilienda kutafuta dawa, nikarudi na mazoezi

Mtaalamu, salamu nyingi kutoka Kisenyi.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watano, umri wangu miaka 44. Nilizaliwa Busia upande wa Kenya, nikaolewa huku Kampala, na kwa kuwa watoto wangu wa mwisho ni mapacha kila mtu hapa huniita Nalongo. Jina langu lenyewe naanza kulisahau. Nashona gomesi, nashona vitenge, lakini chakula chetu hasa kinatoka kwenye sare za shule. Krismasi ikipita tu, mpaka shule zifunguliwe, nakalia cherehani asubuhi hadi saa nne za usiku.

Msimu uliopita ndio ulioniangusha. Kiuno kilianza kuuma kidogo kidogo nikadhani ni uchovu. Halafu maumivu yakashuka kwenye tako la kulia mpaka nyuma ya paja. Hayafiki gotini. Nikitembea kwenda sokoni nasikia nafuu, nikikaa yanarudi. Kuinuka kwenye stuli ni lazima nishike meza, ninyooke kwa awamu. Shingo nayo imekaza, kisogo kinauma, na jioni maumivu hupanda hadi kichwani. Sare za bluu iliyokoza ndizo zinazonimaliza. Siku hizi hata uzi ananitungia binti yangu wa darasa la sita.

Nimehangaika. Kwenye kliniki ya mtaani nilichomwa sindano za diklofenaki siku tatu, nikapata nafuu ya wiki moja, nikarudi nikachomwa tena. Sasa nameza vidonge vyake karibu kila siku na tumbo limeanza kuniwaka moto. Nikapiga eksirei. Aliyeisoma akaniambia, "Mama, mgongo wako umezeeka kuliko wewe, pingili zimesagika." Usiku huo sikulala. Marehemu mama yangu alikufa amepinda kama mundu, nikajua zamu yangu imefika.

Nikatumwa kwa watu wa fiziotherapia, wale wa tiba ya viungo, katika hospitali moja. Nilifunga safari na shilingi 50,000 mkononi nikitarajia mashine, au sindano kali, au angalau mtu wa kuivuta mifupa irudi mahali pake. Yule kijana akanipindapinda huku na huku, akanikanda shingo dakika kumi, kisha akanipa karatasi yenye picha za mwanamume mwenye bukta amelala sakafuni. Eti dawa ndiyo hiyo, nifanye kila siku. Nilifanya siku nne. Sisi chumba chetu ni kimoja na pazia katikati. Nikilala kifudifudi mapacha wananipanda mgongoni wakidhani mama kaanza mchezo. Maumivu yakabaki pale pale, karatasi nikawashia sigiri.

Sasa kila mtu ni daktari wangu. Salongo, baba wa mapacha, anasema nilale kwenye mbao bila godoro. Jirani ana mkanda wa kiuno anataka kuniuzia. Kuna mzee huko Masaka wanasema anauvuta mgongo unalia "ka!" na mtu anatembea. Mama mkwe anataka niache cherehani kabisa. Nikiiacha tutakula nini? Je, hospitalini nililiwa pesa zangu? Na huu mgongo uliosagika utanifikisha wapi?

Nalongo, Kisenyi

*

Nalongo, pole sana.

Pesa yako haikuliwa. Mazoezi uliyopewa ndiyo dawa yenyewe. Ila kijana yule alikuachia kazi nusu, na hiyo nusu nyingine nimeiona ndani ya barua yako, mahali ambapo nadhani wewe mwenyewe hukukusudia kunionyesha. Nitafika hapo.

Ungekuwa mbele yangu ningeanza na maswali ya aibu. Mkojo ukija unausikia, na unaweza kuuzuia? Haja kubwa je? Ukijifuta chooni ngozi inahisi mkono, au pamekufa ganzi? Mguu unaburuta, ndala inachomoka hata hujui? Likiwepo "ndiyo" moja hapo, weka barua hii chini uende hospitali kubwa leo hii, hata kama ni usiku, maana neva za chini ya uti wa mgongo zikibanwa kwa muda mrefu huenda zisirudi kufanya kazi tena. Yako pia maswali ya polepole: homa za jioni, jasho la usiku la kulowesha shuka, nguo kulegea mwilini bila sababu, kikohozi kisichokwisha, maumivu yasiyojali umelala vipi. Hapa kwetu lazima tuulize, kwa sababu kifua kikuu hakikai kifuani tu. Hushuka mgongoni kikala pingili mpaka mtu akapinda. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliandika habari za migongo ya namna hiyo mwaka 1779, na ugonjwa huo bado tunauita kwa jina lake. Una dawa na hupona, mradi ugunduliwe mapema. Na ndugu zetu wanaokunywa maziwa mabichi, huko Ankole na Karamoja, hupata brusela, nayo huja na homa na maumivu ya mgongo.

Mama yako sikumwona, sitakuambia alikuwa na nini. Huenda ni hicho kifua kikuu, huenda ni mifupa iliyodhoofika uzeeni pingili zikabonyea. Lakini kiuno cha fundi wa miaka 44 kinachouma akikaa na kupoa akitembea ni habari nyingine kabisa. Ukinijibu "hapana" kwa maswali yote hayo, wewe uko kwenye lile kundi kubwa la watu ambao mgongo unauma bila kitu chochote kuvunjika au kuoza ndani. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 619 wenye maumivu ya kiuno mwaka 2020, na wengi mno kati yao ni wa kundi hili lako.

"Lakini pingili zimesagika!" Najua. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti zilizopiga picha migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasioumwa kitu. Nasisitiza, wasioumwa. Kwa wenye miaka 20, watu 37 katika kila 100 walikuwa na diski, yaani ile mito iliyo kati ya pingili, zilizochakaa. Kwa wenye miaka 40, 68. Kwa wenye 80, 96. Maana yake ukienda soko la Owino ukawapiga picha mama wa rika lako wanaobeba marobota ya mitumba wakicheka, zaidi ya nusu utawaambia wamezeeka migongo. Pingili huota mvi kama kichwa. Aliyekusomea picha aliona sawasawa, mdomo ndio uliomponyoka, na neno lake limekudhuru kuliko anavyojua: tangu siku ile unajibana, unaogopa kuinama, misuli ya kiuno inakaa imekunja ngumi mchana kutwa. Misuli iliyokunja ngumi lazima iume.

Vidonge hivyo acha leo. Diklofenaki ni dawa nzuri kwa siku chache, lakini ukiifanya chakula inatoboa tumbo, inachosha figo na kupandisha presha. Tumbo linalowaka limekwisha kukuonya. Nenda kituo cha afya wakuangalie, na ukiona choo cheusi kama lami usingoje kesho.

Sasa ile nusu iliyoachwa. Umeandika kwamba binti ndiye anayekutungia uzi. Umepita hapo kama jambo dogo, mimi nikasimama. Ukishapita miaka 40 lenzi ya jicho hukakamaa na vitu vya karibu vinaingia ukungu. Sijakuona ukishona, lakini nimewaona mafundi wengi wa umri wako, na nitakuchora ulivyo. Ukiwa si wewe unisamehe. Mwili umeinamia mashine. Jicho halitaki karibu, linataka mbali. Kwa hiyo kichwa kinarudi nyuma, kidevu kinachomoza mbele kama kobe anayechungulia, mabega yamepanda masikioni. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, na misuli ya kisogo inakishikilia hivyo hivyo kuanzia asubuhi hadi saa nne za usiku, kitambaa cha bluu iliyokoza, uzi wa bluu iliyokoza, taa iko nyuma ya mgongo wako kivuli kinaangukia sindano. Mtu anaweza kukukanda shingo mwaka mzima. Kesho ukirudi kwenye mashine kobe anarudi.

Nalongo, kapime macho. Ninaamini nusu ya shingo yako itatibiwa na miwani. Ile ya kusomea inayotembezwa barabarani Kampala si mibaya kwa kuanzia ikiwa macho yote mawili yanaona sawa, lakini afadhali upimwe kliniki ya macho kwanza, maana wanaangalia na mengine. Na taa ndogo uifunge upande wa kushoto karibu na sindano, si darini.

Halafu mashine yenyewe. Kaa kwenye stuli yako, acha mikono ining'inie, kunja viwiko. Meza inatakiwa iwe juu ya kiwiko kwa sentimita 5 hivi. Ikiwa chini ya hapo, unaisujudia. Fundi mwenye stuli ya plastiki ndefu aipunguze, mradi magoti yasigonge meza. Kisha tafuta vipande viwili vya mbao vyenye unene wa vidole viwili, uviweke chini ya miguu ya nyuma ya cherehani ili meza ikuinamie kidogo badala ya wewe kuiinamia. Hakikisha haiyumbi kabla ya kukanyaga. Stuli isogeze karibu. Mafundi wengi hukaa mbali na mashine halafu wanaikimbilia kwa shingo.

Na usikae. Najua nimesema jambo la kijinga kwa mtu mwenye sare mia za kumaliza, nisikilize basi. Wewe hukata, unashona, unapiga pasi, unashona vifungo. Mafundi hupenda kukata zote, kisha kushona zote, kisha kupiga pasi zote. Changanya. Shona mbili, simama uzipige pasi. Pasi iwe upande wa pili wa chumba, hata kama ni ya makaa, ili lazima utembee hatua chache. Mgongo hauchoshwi na kukaa vibaya kama unavyochoshwa na kukaa namna moja bila kubadilisha. Mimi mwenyewe sina imani na hizo picha za "kaa wima" zinazobandikwa ukutani. Hakuna awezaye kukaa hivyo zaidi ya robo saa.

Tuje kwenye karatasi uliyowashia sigiri. Sisi watu wa fizio tuna kosa letu: tunatoa nakala mia za karatasi moja na kuwagawia dereva wa lori, mwalimu na mama mjamzito, hatuulizi analala wapi wala watoto wako wangapi. Kwako nachagua mambo matatu tu.

La kwanza ni la shingo, halihitaji hata kusimama. Umekaa, unaangalia mbele, rudisha kidevu nyuma moja kwa moja bila kuinamisha wala kuinua uso, kama mtu aliyeletewa usoni samaki aliyeoza. Utapata kidevu cha pili. Usijali, si cha kudumu. Shikilia sekunde 5, achia, mara 10. Fanya kila unapobadilisha kijiti cha uzi.

La pili ni lile la kulala kifudifudi, ambalo mapacha wamelipenda. Lina hadithi. Mwaka 1956 huko Wellington, New Zealand, mtaalamu aitwaye Robin McKenzie alimwambia mgonjwa wake, ambaye maumivu ya mgongo yalikuwa yameshuka mguuni, aingie chumbani alale kifudifudi kwenye kitanda. Kitanda kilikuwa kimeachwa kimeinuliwa upande wa kichwa, na mgonjwa akalala hivyo hivyo, mgongo umepinda kwa nyuma. McKenzie alirudi baada ya dakika chache, akashtuka kumkuta katika hali ile, na mgonjwa akamwambia mguu hauumi tena. Ndiyo sababu wewe uliambiwa ulale kwenye mkeka. Lala kifudifudi dakika mbili. Ukiona sawa, jiinue kwa viwiko, tumbo libaki chini, upumue. Baadaye utajisukuma kwa viganja, kiuno kimelegea kabisa, mara 10.

Hapa ndipo pa kuwa makini. Usiulize "yanauma?" Uliza "yako wapi?" Maumivu yakitoka kwenye paja yakapanda takoni, kisha yakajikusanya katikati ya kiuno, hata yakiwa makali pale kiunoni, furahi, yanarudi nyumbani. Yakishuka kuelekea goti au unyayo, acha zoezi hilo siku hiyo hiyo na umrudie yule kijana. Si kila mgongo hulipenda, na yapo mengine ya kuinama mbele kwa wenye migongo ya aina hiyo.

La tatu, lala chali, kunja magoti, nyayo chini, inua makalio mpaka paja na kiwiliwili viwe mstari mmoja. Hesabu hadi 5, shuka taratibu. Anza na 8, baada ya wiki mbili ufike 15. Hili ndilo linalorudisha nguvu ya makalio na kiuno, ambayo miaka ya kukaa imeinyonya.

Yote matatu ni robo saa. Fanya alfajiri kabla mapacha hawajaamka, au uwafanye nao wafanye, maana watoto wa miaka hiyo ukiwaita watakimbia. Kutembea usikuache: siku mbili tatu kwa wiki acha boda uende kwa miguu.

Ulifanya siku nne ukaona hakuna kitu. Dawa ya malaria unameza siku 3, ya kifua kikuu miezi 6, na hakuna anayemlaumu daktari siku ya nne. Misuli inahitaji wiki 6 hadi 12. Na katika wiki mbili za kwanza mwili utauma uchungu mpya wa misuli isiyozoea, mithili ya mtu aliyelima baada ya miaka. Huo hauna neno. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno, na mazoezi pamoja na kumwelimisha mgonjwa yamo ndani kama tiba. Mkanda wa kiuno hawakuupendekeza. Basi jirani umwambie asante.

Salongo naye mwambie mbao arudishe uani. Utafiti wa mwaka 2003 uliwapa watu 313 wenye maumivu ya kiuno magodoro, wengine magumu, wengine ya ugumu wa kadiri, na waliolalia ya kadiri ndio waliopata nafuu zaidi. Godoro lisilobonyea shimo katikati linatosha. Ukilala ubavu weka mto mdogo kati ya magoti, na mto wa kichwa uwe mmoja, si miwili.

Mzee wa Masaka. Sauti ya "ka" si mfupa unaorudi mahali pake, kwa sababu haukutoka. Ni kiputo cha hewa kwenye kiungo, kama ukivunja vidole. Mkono uliofunzwa unaweza kuusukuma mgongo na mtu akapata nafuu, sikatai, hata mwongozo ule unaruhusu. Lakini mtu asiyejua kama kuna kifua kikuu kwenye pingili, akaivuta, anaweza kumwacha mtu kitandani maisha yake yote. Na shingo yako asiiguse. Ukitaka kukandwa, binti akukande mabega jioni kwa mafuta ya nazi. Ni raha, na raha nayo ina kazi yake.

Mama mkwe mjibu kwa heshima, ila cherehani usiache. Waliokaa kitandani kungoja mgongo upone huchelewa kupona kuliko waliojikongoja kazini. Msimu ukija punguza oda kidogo, au mgawie fundi mwenzio zile za bluu iliyokoza.

Kijana yule mrudie mara moja tu, baada ya wiki tatu, akuone unavyofanya, na mwonyeshe picha yako ukiwa umekaa kwenye mashine. Binti akupige kwa simu bila kukuambia. Kama 50,000 ni nzito, hospitali ya Mulago ina idara ya fiziotherapia, na hospitali za serikali huduma za kawaida hazitozwi ada tangu mwaka 2001, isipokuwa upande wa kulipia. Foleni utaikuta, beba vifungo vya kushona. Popote uendapo uliza cheti cha usajili. Wataalamu wa viungo Uganda husajiliwa na baraza lililowekwa na sheria ya mwaka 1996, na mwenye cheti hakasiriki kukionyesha.

Niandikie tena baada ya wiki 6. Usiniambie kama maumivu yamekwisha, niambie yamefika wapi: paja, tako au kiuno. Na niambie nani anatunga uzi.